Asidi ya batri ikimwangika: kwa mtu ni maji, kwa sakafu ni bikarbonati

Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, batri ya gari haiko tu ndani ya gari. Katika nyumba nyingi iko chini ya meza, imeunganishwa na plaki ya sola, inatoa mwangaza na kuchaji telefone. Ikianguka ao ikipasuka, kinachotoka siyo maji tu: iko ndani asidi ya sulfuriki, karibu asilimia 35. Inatoboa nguo, inachoma ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Kwanza mtu

Inafaa kuosha mara moja kwa maji mengi safi, dakika 20 bila kuacha, huku nguo zilizolowa zinavuliwa. Kama ni jicho, fungua kope kwa vidole na miminia maji kutoka upande wa pua kwenda nje, ili asidi isiingie jicho la pili. Fasi ambapo robine haitoi maji, bidoni ya lita 20 ikimiminwa polepole inaweza kufikisha hizo dakika. Kisha nenda kituo cha afya, hata kama maumivu yamepungua.

Mwilini usipake bikarbonati, mafuta wala dawa ya meno. Aliyemeza asidi asitapishwe. Asukutue mdomo na apelekwe haraka.

Kisha sakafu

Toa watoto, fungua madirisha, zima moto na sigara, sababu batri inayochajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Vaa glovu za mpira na viatu vinavyofunika mguu. Zungushia mchanga mkavu, halafu nyunyiza bikarbonati ukianzia pembeni. Itatoka povu, ongeza mpaka povu ikome. Kama bikarbonati haiko, majivu ya kuni yaliyopoa yanasaidia.

Javeli hapana! Ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu.

Povu ikiisha, hatari haijaisha

Asidi imekufa, lakini risasi ya batri imebaki katika ule uchafu, na inaharibu ubongo wa watoto. Usiutupe kwenye mfereji, bustani, ao karibu na kisima na ziwa. Uweke katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto. Osha sakafu kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono mbele ya kula, na nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Mwenye batri nyumbani aweke karibu vitu viwili: bikarbonati na bidoni iliyojaa maji.