Risasi ya .44-40
Risasi ya .44-40 ilitoka Marekani mwaka 1873 pamoja na bunduki ya wenzo ya Winchester. Mwaka 1878 Colt ikaanza kuuza bastola zinazoitumia, na mpanda farasi akaweza kulisha silaha zote kutoka mkanda mmoja. Faida hiyo yaishinda hoja ya wanaoisifu risasi ya .45 Colt kwa nguvu: ukingo wa ganda lake, zama hizo, ulikuwa mwembamba mno kushikwa vyema na kucha ya bunduki, hivyo ilikosa bunduki mwenza. Kweli, ganda la .44-40 ni laini, huharibika upesi likijazwa upya. Ajazaye mwenyewe leo atafaidi zaidi na risasi ya .357 Magnum ya miaka ya 1930. Lakini ulaini huohuo wa ganda la .44-40 huziba chemba, masizi ya baruti nyeusi yasirudi mitamboni.