Mizani, Mbegu na Simu: Mwongozo wa Mlaji dhidi ya Utapeli na Bidhaa Bandia mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, unaishi kwa kalenda ya pamba. Katika wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, mbegu huingia ardhini mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, na soko hufunguliwa kuanzia mwezi Mei. Kwa kaya nyingi, hii ina maana kwamba fedha ya kueleweka huingia nyumbani mara moja tu kwa mwaka: ada, bati la nyumba, mahari na zaka, vyote hungojea siku ileile. Tapeli naye anaijua kalenda hiyo. Wakati wa kupanda huleta mbegu na viuatilifu vya mashaka, na wakati wa kuuza huleta mizani iliyochezewa, ujumbe wa simu na watu wenye miradi ya kuzalisha fedha kwa wiki mbili.

Kanisa haliyatazami mambo haya kama ujanja wa mjini tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofafanua Amri ya Saba, inautaja udanganyifu katika biashara miongoni mwa namna za kutwaa isivyo haki mali ya mwingine, hata pale ambapo sheria ya nchi haijavunjwa (n. 2409). Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja zito na jingine jepesi. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakapandisha bei, na wakamuuzia maskini hata makapi ya ngano. Hayo makapi yaliyouzwa kama ngano ni bidhaa duni kwa maana kamili ya neno, karne nane kabla ya Kristo.

Somo la mizani

Watu wa Kanda ya Ziwa wana historia yao wenyewe katika jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwa muda mrefu kwamba wanunuzi waliwapunja kwenye mizani. Hawakuishia kulalamika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kujiunga katika vikundi na kuweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito unaosemwa na mnunuzi uthibitishwe na mtu wa upande wa mkulima. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, kilizaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika kilichojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza kama VFCU, ambacho kilikuja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Chanzo cha chombo hicho kizito kilikuwa swali dogo la mlaji na mzalishaji: je, kilo hii ni kilo kweli?

Swali hilo bado ni halali leo. Pamba ya Simiyu huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na mizani ya kidijitali imeingia katika vituo vya kununulia. Hata hivyo, kioo chenye tarakimu hakimwondolei mtu haki ya kuangalia. Mizani ya biashara, iwe ya pamba, ya nyama au ya sukari, inapaswa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwa na alama ya ukaguzi huo. Mkulima asimame mahali anapoweza kusoma namba mwenyewe, ahakikishe mizani inaonesha sifuri kabla mzigo haujapandishwa, na apokee stakabadhi iliyoandikwa uzito uleule aliousoma. Ambaye hajui kusoma aende na mtoto wake anayesoma. Hakuna aibu katika hilo. Vilevile vifungashio vya lumbesa, ambavyo humfanya mkulima auze gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja, vimekatazwa na sheria ya vipimo, ingawa vimezoeleka kiasi kwamba wengi huviona kama desturi.

Bandia na duni si kitu kimoja

Katika mazungumzo ya kila siku tunaita kila kitu kibovu “feki”. Sheria hutenganisha, na ni vizuri mwamini ajue tofauti hiyo kwa sababu ndiyo inayomwonesha mlango wa kubisha. Bidhaa bandia ni ile inayovaa jina au nembo ya mwingine bila ruhusa. Redio inaweza kulia vizuri na bado ikawa bandia. Jambo hili lipo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Bidhaa duni ni ile isiyofikia kiwango kilichowekwa, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni la mtengenezaji halali. Hiyo ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula na vipodozi. Nyaya za umeme, saruji, nondo, mafuta ya kupikia na krimu za kujichubua ni mifano inayogusa nyumba zetu moja kwa moja.

Tume ya Ushindani ilianzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na sheria hiyo inamlinda mlaji dhidi ya muuzaji anayempotosha. Wengi hawajui kwamba maandishi tunayoyaona kwenye stakabadhi na kuta za maduka, yanayosema mali ikishauzwa haipokelewi tena, hayamwondolei muuzaji wajibu wa kumjibu mteja aliyeuziwa kitu kibovu. Tume imelieleza jambo hili mara kadhaa. Kwa hiyo stakabadhi ni karatasi ya thamani. Dai risiti hata kama ununuzi ni mdogo, na uitunze mpaka bidhaa ithibitike kuwa nzima.

Mbegu na viuatilifu

Hapa ndipo hasara inapokuwa nzito kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtu aliyenunua shati bandia amepoteza shati, lakini aliyenunua mbegu bandia amepoteza mwaka. Atapalilia, atasubiri, na kosa litaonekana wakati mvua imekwisha kupita. Kiuatilifu kilichochakachuliwa ni vivyo hivyo: mkulima hupiga bomba mara mbili, mara tatu, funza wa vitumba wanaendelea kula, naye hudhani ni yeye aliyekosea kipimo. Wengine huongeza dawa na kujidhuru wenyewe.

Ubora wa mbegu unasimamiwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Mfuko wa mbegu ya mahindi, alizeti au mboga unapaswa kuwa na lebo yake, na lebo mpya zina sehemu ya kukwangua yenye namba ya siri ambayo mnunuzi huihakiki kwa simu kabla ya kupanda. Mbegu ya pamba ipokelewe kupitia AMCOS na njia zilizotangazwa na Bodi ya Pamba, si kutoka kwa mtu anayepita na pikipiki. Viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na mbolea inasimamiwa na TFRA. Usinunue kiuatilifu kilichomiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kama muuzaji ni jirani na bei ni nusu. Chupa hiyo haina jina, haina tarehe, haina kipimo, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na kinywaji.

Shauri moja dogo limewasaidia wengi: tunza kifungashio kitupu pamoja na stakabadhi hadi mavuno, na upande kiganja cha mbegu kwenye kopo kabla ya kupanda shamba zima. Bila kifungashio, mkaguzi hana pa kuanzia. Wafugaji wa Meatu na Itilima wafanye hivyohivyo kwa dawa za kuogeshea mifugo.

Dawa za binadamu

Mwaka 2009 dawa bandia ya malaria yenye jina la Metakelfin iligunduliwa katika maduka 40 ya dawa nchini Tanzania. Haikuwa na kiasi cha kutosha cha kiambato kinachotibu. Waliouza na walionunua waliona boksi la kawaida kabisa. Kwa hiyo dawa inunuliwe famasi au katika duka la dawa muhimu lenye kibali, kamwe si mnadani wala ndani ya basi. Shaka yoyote ipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Simu ya mkononi

Utapeli wa simu hauhitaji teknolojia kubwa. Unahitaji mtu mwenye haraka. Ujumbe unaokuambia ile fedha uitume kwenye namba nyingine hutumwa kwa maelfu ya watu bila kujua nani ni nani. Humpata yule ambaye kweli siku hiyo alikuwa anakaribia kumtumia mwanawe fedha ya shule. Ujumbe mwingine hujifanya umetoka kwenye kampuni ya simu, ukieleza kwamba fedha imeingia kwako kimakosa. Kisha mtu hupiga akilia, akiomba umrudishie. Dawa yake ni kuangalia salio lako mwenyewe kupitia menyu ya simu, si kusoma ujumbe. Kama fedha imeingia kweli kwa makosa, mwenye nayo apitie kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurejesha muamala. Kuwa mwaminifu hakukulazimishi kutuma fedha kwa mtu usiyemjua.

Namba ya siri haombwi mteja na wakala, wala na mhudumu wa kampuni, wala na mtu mwingine yeyote. Ujumbe wa kitapeli upelekwe, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040, ambayo ni huduma iliyowekwa kwa ajili hiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Aidha, kila mmoja apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, wapo waliosajili laini kwa vidole vya wazee wasiojua kinachoendelea, kisha laini hizo zikatumika kuwaibia wengine. Ukiikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ukaifute.

Miradi ya “kupanda mbegu”

Waamini wengi wanakumbuka DECI, mradi uliosambaa nchini hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Ulitumia lugha ya kupanda na kuvuna, na ulikuwa na wachungaji miongoni mwa viongozi wake. Lugha hiyo ndiyo iliyowafungua watu mikono. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na wa mwisho hawakuwa na wa kuwalipa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 hadithi ilirudi kwa sura nyingine: mradi wa LBL, uliowaahidi watu malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Kinachobadilika ni vazi tu. Mradi ambao faida yako hutegemea watu wapya utakaowaingiza ni upatu, na sheria ya Tanzania inauhesabu kuwa jinai.

Mikopo ya mtandaoni ni jambo la karibu na hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hii huchukua namba za ndugu na marafiki wa mkopaji na kuwatumia ujumbe wa kumdhalilisha.

Wapo pia wanaojifanya watumishi wa Kanisa. Hupiga kwa jina la padre au mtawa, wakiomba mchango wa ujenzi au nia za Misa kupitia namba binafsi. Mchango wa parokia una stakabadhi na hutangazwa kanisani. Ukipokea ombi lisilotangazwa, muulize paroko au katekista ana kwa ana kabla ya kutuma chochote.

Ukiisha kutapeliwa

Muda ni muhimu. Piga simu kwa kampuni ya simu au benki mara moja kuomba muamala uzuiwe, kisha nenda kituo cha polisi na ujumbe ukiwa bado haujafutwa, pamoja na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kwa bidhaa, anza na muuzaji, mbele ya shahidi. Akikataa, ofisi ya biashara ya halmashauri au ofisi za kanda za FCC na TBS zilizopo Mwanza zitapokea malalamiko. Kinachowazuia wengi ni aibu, hasa wanaume waliouza ng'ombe bila kumshirikisha mke, na wajane wanaoogopa watoto wao. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inaweza kuwa mahali pa kulisema jambo hili bila kuchekwa, na hapo majirani hupata onyo kabla namba ileile haijawapigia na wao.

Kwa aliyeuza kiuatilifu alichojua kuwa kimechakachuliwa, au aliyeichezea mizani, mafundisho ya Kanisa yako wazi: toba inadai kurudisha kilichochukuliwa (n. 2412). Zakayo, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, aliahidi kurudisha mara nne. Kama aliyedhulumiwa hajulikani tena, au ni wengi wasiohesabika kama ilivyo kwenye mizani ya msimu mzima, mwenye kutubu aombe shauri la padre muungamishi, ambaye anaweza kumwelekeza alipe thamani hiyo kwa maskini wa eneo lilelile alikofanyia biashara.