Mtunzi Aliyefichwa na Maneno Yake: Toktogul Satylganov na Hoja ya Nyuzi Tatu

Noti ya somu 100 ya Kirgizistani ya toleo la 2009 ina sura ya Toktogul Satylganov upande wa mbele. Nyuma kuna bwawa la umeme lenye jina lake, na ziwa la bwawa hilo ndilo lililofunika sehemu ya bonde la Ketmen-Tobo alikozaliwa mwaka 1864. Heshima anayo tele. Kinachobishaniwa ni heshima hiyo anapewa kwa lipi.

Kuhusu maisha yake ubishi si mkubwa. Alikuwa akyn, malenga apigaye ala ya komuz, na akiwa kijana alimshinda malenga Arzymat katika aitysh, majibizano ya papo kwa papo. Baada ya uasi wa Andijan wa 1898 dhidi ya utawala wa Urusi alikamatwa na kuhukumiwa kifo. Hukumu ikapunguzwa kuwa miaka saba ya kazi ngumu Siberia. Alitoroka, akafika kwao karibu 1910, na kufariki 1933.

Ubishi unaanzia kwenye tafsiri. Waandishi wa enzi ya Kisovieti walimfanya msemaji wa wanyonge, na ushahidi wao mkuu ulikuwa maneno: wimbo wa “Besh Kaman”, yaani nguruwe watano, ambamo aliwakejeli wana watano wa mtawala mmoja wa kienyeji, pamoja na wimbo wake wa kumsifu Lenin. Usomaji huo unamsikiliza mdomo na kuvisahau vidole. Upande wa pili wapo wanaoliita kila pigo la komuz “muziki wa jadi”, kana kwamba liliota lenyewe malishoni. Makala hii inapinga pande zote mbili: Toktogul alikuwa mtunzi kwa maana kamili ya neno, na ushahidi ulio bora uko katika tungo zake zisizo na maneno.

Tungo hizo huitwa küü. Komuz ina nyuzi tatu tu, na mara nyingi wa katikati ndio wenye sauti ya juu kuliko wenziwe. Shingo yake haina alama za kupangia sauti. Sikio ndilo linaloongoza vidole, na kidole gumba cha kushoto nacho hubana uzi. Mkono wa kulia hukwangua, hupepea, hugeuka, nao mwendo wake ni sehemu ya masimulizi. Küü zina koo zake: kambarkan, botoy, kerbez. Koo hizo ni kama bahari za ushairi: bahari ni ya wote, shairi lina mwenyewe. “Ming Kyyal” ya Toktogul ni ya ukoo wa kambarkan. “Mash Botoy” ya mtunzi Atai Ogonbaev ni ya ukoo wa botoy. Mpigaji hutaja ukoo, kisha humtaja mtunzi. Jamii isiyojali umiliki wa utunzi ingehangaika hivyo kwa faida gani?

Kuna pingamizi: bila nota, nani ajuaye wanafunzi waliongeza nini? Pingamizi hilo lina uzito kwa upande wa nyimbo, ambazo maneno yake hugeuzwa kufuata upepo wa siasa. Kwa küü lina uzito mdogo zaidi. Mwaka 1928 mkusanyaji wa muziki Aleksandr Zataevich alianza kunukuu muziki wa Wakirgizi kutoka kwa wapigaji wenyewe, Toktogul akiwa mmoja wao, na mkusanyo wake wa vipande 250 ulitoka Moscow mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya malenga huyo kufariki. Nota hizo hazinasi kila mwendo wa mkono, lakini zinatoa kipimo cha kulinganisha na upigaji wa waliomfuata.

Huenda si kila küü inayobeba jina lake ni yake. Wakubwa hurithishwa hata wasichokiacha. Hata hivyo, wasifu wowote utakaoanza na “Besh Kaman” na kuitaja “Ming Kyyal” kwa kupita tu utakuwa umeandika maisha ya mshitakiwa wa 1898, na kumwacha nje mwanamuziki.