Fundi bomba hulipwa kiasi gani, na kwa nini malipo hutofautiana

Ukiuliza hapa Kakuma au Kalobeyei fundi bomba analipwa pesa ngapi, kila mtu atakupa jibu lake. Kazi ni moja, lakini njia za kulipwa ni tatu: posho ya shirika, kibarua kwa mkandarasi, na pesa ya leba kutoka kwa mteja. Jua uko kwenye njia gani kabla hujashika spana.

Mkimbizi anayetengeneza mabomba ya shirika kwa kawaida huandikwa kama mfanyakazi wa posho. Posho ni ndogo kuliko mshahara wa Mkenya anayefanya kazi hiyohiyo. Faida yake ni kwamba inakuja kila mwezi, na unazoea mitambo mikubwa kama pampu za visima na matangi. Ukiondoka, omba barua inayoeleza kazi uliyofanya. Wengi husahau.

Kwa mkandarasi, cheti kina uzito. Agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara huwatenganisha mafundi wasio na daraja na wale wa daraja la 3, la 2 na la 1, ambalo ndilo la juu. Madaraja hayo hupatikana kwa mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na hata aliyejifunzia kazi mtaani, bila kukaa darasani, anaweza kuufanya. Mahali pia huhesabiwa: viwango vya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru viko juu kuliko vya Kakuma. Viliongezwa kwa asilimia 6 mnamo Novemba 2024, kwa hiyo usikubali kuonyeshwa karatasi ya kabla ya hapo. Tena, ukifanya kibarua mfululizo hadi siku zako zitimie mwezi mmoja, Sheria ya Ajira ya 2007 inakuhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi.

Kwa mwenye nyumba au hoteli, bei ni maelewano, na hapa ndipo mafundi wengi huumia. Tuseme umekubali kufunga tangi kwa shilingi 4,000, vifaa vikiwa ndani. Koki, viungo na tepu vinakula 2,300, bodaboda 300, msaidizi 600. Umebaki na 800 kwa siku nzima ya jua, na kiungo kikivuja kesho utarudi bure. Ni afadhali umwandikie mteja orodha, anunue vifaa mwenyewe, nawe utaje leba peke yake. Kazi ya dharura, ya usiku au ya choo kilichoziba ina bei yake. Itaje kabla ya kuanza, maana maji yakishatoka mteja husahau shida aliyokuwa nayo.

Kwa mkimbizi kuna jambo jingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakuruhusu kufanya kazi au ufundi ukiwa na ujuzi unaotambuliwa na mamlaka za Kenya, na hapo cheti cha NITA kinakusaidia mara ya pili. Kazi ya kuajiriwa inahitaji kibali cha daraja M. Ukiitwa Lodwar au Eldoret, omba kwanza ruhusa ya kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Fundi asiye na karatasi hizi hulipwa kidogo kwa sababu mwajiri anajua hatakwenda kulalamika popote.