Kuvunjika kwa Koleo: Burt Munro na Injini ya Mwaka 1920

Katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, palikuwa na banda lenye rafu iliyosheheni vyuma vilivyoharibika: pistoni zilizotoboka, konrodi zilizopinda, silinda zilizopasuka. Rafuni paliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "Sadaka kwa Mungu wa Kasi". Mwenye banda alikuwa Burt Munro, aliyezaliwa mwaka 1899. Wengi walimjua baada ya filamu ya mwaka 2005 iliyoeleza mbio zake katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Mbio hizo zilikuwa za dakika chache tu kila mara, ilhali kazi ya bandani ilichukua zaidi ya miaka arubaini.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Indian Scout, iliyoundwa Springfield, Massachusetts, na Munro aliinunua mwaka 1920. Injini yake, nambari 50R627, ilikuwa ya silinda mbili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 600 hivi, na mwendo wake ulikuwa kiasi cha kilomita 88 kwa saa. Mwaka 1926 alianza kuifungua na kuibadilisha.

Hapa yafaa kueleza namna injini inavyochakaa, kwani hailiki sawasawa. Pistoni inapopanda na kushuka huegemea zaidi pande mbili za silinda, na tundu lililokuwa duara huanza kuwa na umbo la yai. Sehemu ya juu, karibu na mahali ringi zinapogeuzia safari, joto ni kali na mafuta ni haba, basi ndipo panapolika mno. Moto hupenya pembeni, mafuta huungua, nguvu hupungua. Fundi hana budi kulikereza upya tundu lile, na likishapanuka, pistoni ya zamani hupwaya. Yatakikana kubwa zaidi, na ringi zake. Pistoni mpya ikiwa nzito kuliko ya kwanza, konrodi na beringi hubeba mzigo usiokuwa wao. Kwa hiyo kipuri kimoja aghalabu huja na jamaa zake.

Kwa Munro, ugumu ulizidi kwa kuwa hakutaka kuirudishia injini nguvu zake za awali, bali kuiongezea. Mizunguko ya injini ikiongezeka maradufu, nguvu inayoivuta na kuisukuma konrodi huongezeka mara nne. Kila alipoimarisha kiungo kimoja, udhaifu ulihamia kwa jirani yake. Na kipuri cha kuhimili kazi hiyo hakikuwapo dukani. Hata kiwanda cha Springfield kiliacha kuunda pikipiki hizo mwaka 1953.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pistoni alizisubu mwenyewe, makopo ya bati yakiwa kalibu zake. Silinda alizitoa katika bomba kuukuu la gesi, la chuma. Konrodi alizichonga kwa mkono kutokana na ekseli ya trekta. Spoki ya gurudumu ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Vali zilizokuwa ubavuni mwa silinda alizihamishia juu. Nyingi katika kazi hizi zilivunjika, akaanza tena. Rafu ile haikujaa kwa siku moja.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, aliweka rekodi Bonneville ya kilomita 288 kwa saa. Agosti 1967, injini ikiwa imefikia ujazo wa 950, aliweka rekodi katika daraja la pikipiki za chini ya 1000. Miaka mingi baada ya kifo chake cha Januari 1978, mwanawe aligundua kosa katika hesabu, na mwaka 2014 rekodi hiyo ikasahihishwa kuwa kilomita 296.26 kwa saa.

Watengenezaji wa pikipiki za kale wana ugomvi wao wa siku nyingi: je, chombo kibakishwe na vyuma vyake vya kiwandani, hata vikiwa vimelika, ama kibadilishwe kila kinachohitaji kubadilishwa? Mafundi wa majahazi hawakusumbuliwa sana na swali hilo. Ubao uliooza hung'olewa, mpya hupigiliwa na kukalafatiwa, na jahazi hubaki na jina lake. Lakini wao huweka ubao mahali pa ubao. Munro aliweka asichokijua kiwanda. Anayetaka kuirudisha Scout hii katika hali ya mwaka 1920 atalazimika kuondoa kipande kwa kipande kile hasa kinachoifanya istahili kuhifadhiwa, abaki na pikipiki ya kilomita 88 kwa saa. Jambo hilo, kwa bahati njema, halikutendeka. Pikipiki yake imehifadhiwa Invercargill katika duka la vifaa la E Hayes and Sons, ambako watu huingia kununua misumari na zana, wakasita kidogo kuitazama.