Uta wa Wakamba na Michezo ya Olimpiki

Kabla ya Kenya kupeleka wanamichezo wake wa kwanza kwenye Olimpiki, mjini Melbourne mwaka 1956, watu wa Kitui na Makueni walikuwa wamekwisha kujipatia sifa kwa kulenga shabaha. Maana Mkamba aliyetoka kuwinda ndovu, ambao pembe zao zilishuka hata Mombasa, alichukua uta na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, iliyochemshwa hata ikawa nzito na nyeusi kama lami, kisha ikaviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili jua lisiikaushe. Ustadi huo, ambao kwa rai yangu haukupungukiwa na kitu ila waamuzi na nishani, ulizidi kuandamwa na sheria pale mbuga ya Tsavo ilipotengwa mwaka 1948 mipakani mwa nchi yao. Ulaya nako, uta ulikuwa mchezo wa waungwana: uliingizwa katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900, ukaachwa baada ya 1920, ukarejeshwa Munich mwaka 1972. Na huko Rio mwaka 2016, aliyeitangulia timu ya Kenya kwa bendera siku ya ufunguzi, juu ya wingi wa wakimbiaji mashuhuri, alikuwa mlenga mishale, Bi. Shehzana Anwar.