Jim Sharman: Kutoka Hema la Ngumi hadi Tamasha la Adelaide

James David Sharman alizaliwa Sydney tarehe 12 Machi 1945, katika ukoo ulioishi kwa kiingilio cha mlangoni. Babu yake, Jimmy Sharman, alianzisha kikosi cha mabondia mwaka 1911 katika mji mdogo wa Ardlethan, jimbo la New South Wales, na kwa miaka 60 hema la Sharman lilizunguka kwenye maonyesho ya kilimo ya miji ya bara. Mbele ya hema palijengwa jukwaa refu la mbao, na nyuma yake zilitundikwa turubai zilizochorwa picha za mabondia. Mabondia wenyewe walipanda na kujipanga mstari, ngoma kubwa ikapigwa, kengele ikagongwa, na mwenye hema akaanza kuwachokoza vijana wa mji: nani ana ubavu wa kuvaa glovu? Aliyejitokeza aliahidiwa fedha iwapo angemaliza raundi zake bila kuangushwa, na jamaa zake wote wakakata tiketi kwenda kumtazama. Mabondia wengi walikuwa Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, ambao enzi hizo milango mingi ilikuwa imefungwa mbele yao. Hema liliwapa jina na safari, na liliwatumikisha pia.

Jim, mtoto wa pekee, alikulia katika msafara huo. Baba yake, naye Jimmy, alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kurithi hema, akaliendesha mpaka mwaka 1971, lilipofungwa baada ya serikali kuweka kanuni mpya za kulinda afya ya mabondia. Mtoto hakurithi kazi ya ngumi. Alichorithi ni ujuzi wa kusoma umati: alijua kwamba onyesho huanza nje, kabla tiketi haijakatwa, na kwamba mtazamaji hufurahi zaidi akijiona kuwa sehemu ya hatari iliyo mbele yake. Kazi zake kubwa zote za baadaye zina alama ya ujuzi huo.

Katikati ya miaka ya 1960 alihitimu katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa za Maigizo, iliyokuwa imeanzishwa Sydney mwaka 1958. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alipewa kuongoza opera ya Mozart, Don Giovanni. Aliiweka juu ya sakafu ya miraba myeusi na myeupe kama ubao wa sataranji, wahusika wakisogezwa mithili ya kete. Wapenzi wa opera waliozoea makasri ya kuchorwa na mapazia mazito walichukizwa, na jina la Sharman likajulikana. Mwaka uliofuata aliongoza Terror Australis, onyesho la kejeli juu ya maisha ya Waaustralia, nalo likashambuliwa na wahakiki. Mtu aliyejitokeza kulitetea ni mwandishi wa riwaya Patrick White. Wakati huo wawili hao hawakuwa wakifanya kazi pamoja, lakini urafiki wao ungekuja kubadili historia ya tamthilia nchini humo.

Kabla ya hapo ilikuja miaka ya muziki wa roki. Juni 1969 Sharman alifungua Hair katika ukumbi wa Metro, mtaa wa Kings Cross, Sydney, chini ya mtayarishaji Harry M. Miller. Tamthilia hiyo ya Kimarekani ya kupinga vita vya Vietnam, yenye waigizaji wanaovua nguo jukwaani, ilikuja katika nchi ambayo bado ilikuwa na wadhibiti wakali wa maadili na iliyokuwa ikipeleka vijana wake kwenye vita hivyohivyo. Sharman aliongoza pia Hair huko Tokyo na Boston. Mwaka 1970 kundi la Sydney lilimpokea msichana mweusi wa miaka 16 kutoka Boston, Marcia Hines. Miaka mitatu baadaye Hines alishika nafasi ya Maria Magdalena katika tamthilia ya muziki wa roki Jesus Christ Superstar, jambo ambalo hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kulifanya kabla yake.

Superstar hiyo ilifunguliwa katika ukumbi wa Capitol, Sydney, mwaka 1972. Mbunifu wa mandhari alikuwa Brian Thomson, mshirika wa Sharman kwa miongo kadhaa. Aliunda umbo kubwa la pande kumi na mbili lililofunguka katikati ya jukwaa, bila mchanga wala mitende ya Yerusalemu. Robert Stigwood, Mwaustralia aliyekuwa mkubwa katika biashara ya muziki mjini London, aliwaita wawili hao waiandae upya huko. Ilianza katika ukumbi wa Palace Agosti 1972 na kuendelea mpaka 1980, jumla ya maonyesho 3,358, muda ambao hakuna tamthilia ya muziki iliyokuwa imeufikia London.

Katika kundi la London alikuwemo mwigizaji asiyejulikana, Richard O'Brien, ambaye alipoteza nafasi yake mapema. Sharman alimchukua baadaye katika tamthilia ndogo ya Sam Shepard, na O'Brien akamwonyesha nyimbo alizokuwa akitunga nyumbani. Zilidhihaki kwa upendo filamu za kale za majini na wageni kutoka sayari nyingine: wachumba wawili gari lao linaharibika usiku wa mvua, wanakimbilia kwenye kasri la mwanasayansi anayevaa nguo za kike na kujitengenezea mwanamume maabarani. Sharman ndiye aliyelipa onyesho hilo jina la Rocky Horror. Lilianza kuonyeshwa Juni 1973 katika ukumbi wa ghorofani wa Royal Court, wenye viti 63. Watazamaji walikaa karibu mno na waigizaji, na Tim Curry, aliyeigiza mwanasayansi huyo, alipita katikati yao akiwa na viatu virefu na rangi usoni. Onyesho lilihamia kumbi kubwa zaidi na kudumu London kwa miaka saba.

Filamu yake, ambayo Sharman aliiongoza akisisitiza kuwabakisha waigizaji wengi wa mwanzo, ilitoka mwaka 1975 na kushindwa vibaya sokoni. Mwezi Aprili 1976 jumba la sinema la Waverly mjini New York lilianza kuionyesha saa sita usiku. Watazamaji walirudi wiki baada ya wiki wamevaa maleba ya wahusika, wakijibizana na skrini na kurusha mchele wakati wa harusi. Hakuna mwongozaji anayeweza kupanga jambo la namna hiyo, lakini si ajabu kwamba lilitokea katika kazi ya mtu aliyelelewa pale ambapo mtazamaji huitwa apande ulingoni.

Hapo ndipo watu wengi huishia wanapomtaja Sharman, na hapo wanamkosea. Angeweza kubaki London au kuhamia Hollywood. Badala yake alirudi Sydney kushughulika na tamthilia zilizopuuzwa za Patrick White.

White alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1973 kwa riwaya zake, lakini jukwaa lilikuwa limemjeruhi, na jeraha hilo lilianzia Adelaide. Tamasha la Sanaa la Adelaide lilianza mwaka 1960 kwa kufuata mfano wa tamasha la Edinburgh, na lilifanyika kila baada ya miaka miwili. Washauri wake wa tamthilia walipendekeza mchezo wa White, The Ham Funeral, kwa tamasha la 1962. Bodi ya magavana, watu wenye heshima zao mjini, iliukataa kwa kuuona mchafu, na kundi la chuo kikuu likauonyesha lenyewe Novemba 1961. Mchezo wake mwingine, Night on Bald Mountain, ulikataliwa vilevile kwa tamasha la 1964. White akaacha kuandika tamthilia kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1976 Sharman alifufua The Season at Sarsaparilla katika Jumba la Opera la Sydney. Mchezo huo unaonyesha majiko ya nyumba tatu za pembezoni mwa mji kwa wakati mmoja: wake wanaosafisha kilichokwisha kusafishwa na waume wanaorudi kazini saa ileile, huku mbwa wakibweka nje. Safari hii watu waliupenda, na White, akiwa na umri wa miaka 64, akaanza tena kuandika. Mwaka 1977 Sharman aliongoza mchezo wake mpya, Big Toys, na mwaka 1979 A Cheery Soul, ambapo Robyn Nevin aliigiza mama mmoja mwenye wema wa kuvunja nyumba za watu. Katikati ya mafanikio hayo kulikuwa na pigo: kampuni ya Paris, aliyoianzisha Sydney mwaka 1978 pamoja na Rex Cramphorn kwa ajili ya michezo mipya ya Kiaustralia, ilianguka mwaka huohuo.

Kwa hiyo Sharman alipoteuliwa kuongoza Tamasha la Adelaide la 1982, alifika na jambo la kufanya. Kwa kawaida tamasha la aina hii hukodi makundi maarufu ya nje, huyaonyesha kwa wiki chache, kisha ndege zikiondoka mji hubaki kama ulivyokuwa. Yeye aliwaleta wageni, tena wa kutikisa. Kundi la densi la Pina Bausch kutoka Wuppertal, Ujerumani, lilionekana Australia kwa mara ya kwanza katika tamasha hilo, na wacheza densi na waigizaji waliokuwepo waliendelea kulizungumzia kwa miaka mingi. Lakini sehemu nzito ya mpango wake ilikuwa nyumbani. Aliichukua kampuni ya tamthilia ya jimbo la Australia Kusini, akaiita Lighthouse, akakusanya waigizaji 12 wa kudumu, Geoffrey Rush akiwa mmoja wao, na kuwaweka chini ya paa moja na waandishi na waongozaji vijana. Onyesho lao la kwanza, ndani ya tamasha lenyewe, lilikuwa mchezo mpya wa Patrick White, Signal Driver. Mume na mke wanasimama kituoni katika vipindi tofauti vya maisha yao, kila mmoja akitaka kumkimbia mwenzake, na gari likipita hawampungii dereva mkono. Tamasha lililomfungia White mlango sasa lilimfungulia kwa mchezo lililouagiza lenyewe.

Signal Driver hakuiongoza Sharman. Alimpa Neil Armfield, kijana wa miaka 26. Lighthouse ilidumu miaka miwili tu, 1982 na 1983, lakini watu wake hawakutawanyika. Mwaka 1984 zaidi ya wanasanaa na marafiki 600 walichangishana kununua ukumbi wa mtaa wa Belvoir, Sydney, uliowahi kuwa kiwanda cha chumvi na sosi ya nyanya, na Armfield akawa nguzo ya kampuni iliyozaliwa humo. Aliiongoza kuanzia 1994 hadi 2010. Mwaka 2017 alirudi Adelaide kuwa mkurugenzi mwenza wa tamasha pamoja na Rachel Healy, na katika mpango wao wa 2022 kazi ya Pina Bausch ilirudi Adelaide, safari hii ikichezwa na wacheza densi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliofanyia mazoezi Senegal.

Sharman mwenyewe alirudi Adelaide mwaka 1986 kuongoza opera Voss, muziki wa Richard Meale na maneno ya David Malouf, iliyotokana na riwaya ya White ya 1957 juu ya mvumbuzi Mjerumani anayepotelea jangwani. Wengi huihesabu kuwa opera kuu ya Kiaustralia. Baada ya hapo kasi yake ilipungua. Mwaka 2005 aliongoza Three Furies, mchezo wa Stephen Sewell kuhusu mchoraji Francis Bacon. Mwaka 2008 alichapisha kumbukumbu zake, Blood and Tinsel, ambamo hema la ngumi na kumbi za opera vinapewa uzito sawa, na mwaka 2009 akamrudia Mozart kwa kuongoza Così fan tutte.